Nani Alisema Manowari Si Yetu?

Jumamosi iliyopita, pale Pugu Kajiungeni, kijana mmoja alinionyesha simu yake. Kulikuwa na barua pepe kutoka kwa waandaaji wa mashindano ya hadithi fupi. Mashindano yenyewe sitayataja, na jaji aliyeandika simjui. Hadithi ya kijana haikupita, sawa, hadithi nyingi hazipiti. Lakini jaji alikuwa mwema, akaacha maoni. Alisema lugha ni nzuri, mwendo ni mzuri, ila manowari yenye mizinga 74 si sehemu ya uzoefu wetu. Akamshauri mwandishi mara nyingine ajaribu jahazi.

Ajaribu jahazi! Kana kwamba bahari yetu ni duka, na kwenye rafu kumebaki bidhaa moja.

Kijana huyu nilimfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne. Sasa anatoa kopi na kuchapa barua za watu kwenye kibanda cha steshenari karibu na kituo cha daladala, na usiku anaandika. Hadithi yake ni ya mtoto wa miaka kama kumi na mitatu, anayebeba baruti kwenye merikebu ya Seyyid Said mbele ya Mombasa, huku mjomba wake yuko ndani ya mji unaolengwa. Nimeisoma mara tatu. Si hadithi kamilifu, lakini ina kitu. Na kitu hicho kimekataliwa kwa sababu ya uongo. Siuiti uongo kwa sababu jaji alikusudia kudanganya. Nauita uongo kwa sababu si kweli, na kwa sababu unarudiwa sana mpaka unaonekana ni busara.

Kwa hiyo leo naandika kubishana. Anayetaka makala ya upole arudi wiki ijayo.

Tuanze na merikebu yenyewe, maana ilikuwepo. Tarehe 10 Novemba 1826, kwenye gudi la Bombay, ilishushwa majini merikebu ya kivita iliyojengwa kwa ajili ya Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Maskati na, kwa madai na kwa nguvu, wa sehemu kubwa ya mwambao wetu. Ilipewa jina la Kiingereza, Liverpool. Mafundi wa gudi lile waliongozwa na ukoo wa Wadia, Maparsi waliojenga meli pale kizazi baada ya kizazi. Mbao zilikuwa za msaji, ambao hauozi upesi kama mialoni ya Ulaya. Mizinga ilikuwa 74.

Namba hiyo 74 si ya kubahatisha. Wafaransa ndio walioanza kuipa umaarufu aina hiyo ya merikebu katika karne ya 18, safu mbili za mizinga, milingoti mitatu, nzito kiasi cha kusimama kwenye mstari wa vita lakini si nzito kiasi cha kushindwa kukimbia. Waingereza wakaiga. Kwa miaka zaidi ya sitini hiyo ndiyo ilikuwa meli ya kazi ya majeshi makubwa ya majini. Kwenye jeshi la majini la Uingereza, meli moja ya namna hii ilihitaji watu kati ya 500 na 700. Kwa lugha nyingine, Seyyid Said aliagiza chombo cha karne ya 18 wakati karne ya 19 imeshaingia robo yake, na akakileta kwenye bahari hii ya kaskazi na kusi, bahari ya majahazi na mitepe.

Mwanzoni mwa 1828 ilikuwa mbele ya Mombasa. Seyyid Said alikuwa ndani yake, na nyuma yake vyombo vingine. Mombasa ilikuwa mikononi mwa Mazrui, na liwali alikuwa Salim bin Ahmed. Miaka michache kabla, 1824, Mazrui walikuwa wamejikinga kwa kupandisha bendera ya Uingereza, baada ya nahodha Owen wa manowari Leven kuwakubalia. Serikali ya London haikuitaka kazi hiyo, na 1826 kinga ikaondoka. Mji ukabaki peke yake. Kukawa na mizinga, kukawa na mazungumzo, na mwisho makubaliano: Seyyid aliingiza askari wake wa Kibaluchi katika Ngome ya Yesu, Salim akabaki liwali. Makubaliano hayakudumu, wale askari walikuja kuzingirwa na kutolewa, na Mombasa haikushikwa kabisa mpaka 1837. Lakini kutoka Mombasa mwaka ule wa 1828 Seyyid Said alikwenda Unguja, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mengine mnayajua: karafuu, majumba, mji mkuu kuhamia kisiwani. Mnayajua kwa sababu ndiyo tunayoyaandika. Merikebu iliyomleta hatuiandiki.

Sasa nimuulize jaji, kwa heshima zote: watu wa Mombasa walioamka wakaona milingoti ile nje ya mlango wa bandari, uzoefu huo ulikuwa wa nani? Wa Wanorwe?

Na tusiseme kwamba fasihi yetu haikuona. Muyaka bin Haji, mtunzi wa Mombasa aliyefariki 1840, aliishi vita hivyo vyote. Alikuwa upande wa mji wake na upande wa Mazrui. Alitunga mashairi ya kejeli, ya kujigamba, ya kuwachokoza Walamu na Waunguja, ya kumjibu adui kabla adui hajamaliza kusema. Diwani yake ilichapishwa 1940, miaka mia moja baada ya kifo chake, na Mohamed Abdulaziz akaandika kitabu kizima juu yake mwaka 1979. Huyu ndiye tunayemwita mtu aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Tunamsifu kwa mapenzi yake, kwa mafumbo yake, kwa mizani yake. Tunasahau kwamba aliandika akiwa upande wa pili wa mizinga.

Basi merikebu ikaendelea na maisha yake. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Wamarekani. Waingereza wakashtuka, na mwaka uliofuata nahodha Hart alifika Unguja na manowari Imogene kuuliza habari za mkataba ule. Mwaka 1836 Liverpool ikawa zawadi kwa mfalme William wa Nne. Hebu fikiria: mtu anatoa chombo kikubwa kuliko vyote alivyonavyo. Wapo wanaosema ulikuwa ukarimu. Mimi naona hesabu. Chombo chenye kula watu mia tano, chenye kudai kamba, matanga, shaba ya kuvalisha tumbo lake ili wadudu wa baharini wasilitoboe, na maji ya kina kirefu ambayo bandari zetu nyingi hazina, ni mzigo. Ukimpa rafiki mwenye nguvu unayemwogopa, umetua mzigo na umenunua urafiki kwa pamoja. Naye mfalme akarudisha zawadi: yoti ya kifahari iliyoitwa Prince Regent. Mtu katoa mizinga 74, kapewa chombo cha matembezi. Kama mwandishi wa riwaya angebuni jambo hili, tungemwambia amezidisha fumbo.

Waingereza wakaipa jina jipya, Imaum, kwa heshima ya aliyeitoa. Angalia vizuri: ilipokuwa ya Mwarabu iliitwa kwa jina la Kiingereza, ilipokuwa ya Waingereza ikaitwa kwa jina la Kiarabu. Kuanzia 1842 ikapelekwa kazi ya bandarini. Yaani haikwenda tena vitani. Ikatia nanga Port Royal, Jamaica, ikawa mahali pa kupokelea mabaharia na kuwaweka wakisubiri kupangiwa meli. Ikakaa huko miaka. Katika miaka ya 1860 ikavunjwa.

Jamaica, jamani. Kisiwa ambacho watumwa wake walipata uhuru kamili mwaka 1838, miaka minne tu kabla. Merikebu iliyozaliwa Bombay, ikapiga Mombasa, ikamfikisha Unguja mtu aliyejenga utajiri wa kisiwa kwa mikono ya watumwa, inazeekea kwenye bandari ya waliotoka utumwani. Mtu anayesema hapo hakuna hadithi ya Kiafrika anahitaji kupimwa macho.

Lakini sijamaliza. Miaka michache baada ya Liverpool kuvunjwa, safari ya kinyume ikafanyika. Waingereza walikuwa na manowari iliyoitwa London, iliyoshushwa majini 1840, yenye mizinga kama tisini, iliyopigana Sevastopol 1854 ikaumia. Baadaye wakaitia mashine ya mvuke. Ilipozeeka, mwaka 1874, wakaileta Unguja, wakaitia nanga mbele ya mji iwe ghala na kituo cha mashua zinazokamata majahazi ya watumwa. Desemba 1881 nahodha wake, Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba katika kukimbizana na jahazi moja. Mwaka 1884 London ikauzwa ikavunjwa. Kwa hiyo merikebu yetu ilikwenda kufa Karibi kama bweni la mabaharia wa Kiingereza, na merikebu yao ilikuja kufa Unguja kama ghala. Kila moja ilizeeka kwenye bandari ya mwenzake. Miaka kumi London ilisimama mbele ya Forodhani. Watoto walizaliwa na kukua wakiiona. Wavuvi walipita chini ya ubavu wake. Wauza ndizi bila shaka walifanya nayo biashara. Uzoefu wetu unaanzia wapi kama si hapo?

Hata neno lenyewe linamkana jaji. Manowari. Kinywa cha Mswahili kilichukua maneno matatu ya mabaharia wa Kiingereza, kikayasaga, kikatoa neno moja lenye irabu mahali pake, linalokaa vizuri kwenye mizani ya utenzi. Lugha haihangaiki hivyo kwa kitu ambacho haikioni. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, alipotunga utenzi wake wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, alikuwa akiandika vita ambavyo adui alitokea baharini, na silaha yake kubwa ilikuwa meli. Mwaka wa Hijra uliomo kwenye kichwa cha utenzi ni 1307. Vita ni vile vya 1888 na 1889.

Na hapo vita vinanifikia mimi nyumbani. Huku Pugu, juu ya vilima, wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua misheni mwaka 1888. Januari 1889 misheni ikashambuliwa na wapiganaji wa vita vile vile, baadhi ya wamisionari wakauawa. Pugu si pwani. Wageni wakija hapa wanaona mnada wa ng'ombe, msitu, shule ambayo Mwalimu Nyerere alifundisha, na siku hizi reli mpya. Hakuna anayefikiri habari za bahari. Lakini manowari za Wajerumani zilizokuwa zikirandaranda toka Tanga mpaka Dar es Salaam ndizo zilizoamua nani ataitawala misheni ile, njia ile ya kwenda bara, na kilima hiki ambacho naandika nikiwa nimekikalia. Kama manowari ilifika kwenye maisha ya watu wa Pugu, kilomita zote hizi kutoka majini, itakuwaje isifike kwenye fasihi yao?

Najua jaji alikuwa anafikiria nini. Alikuwa anafikiria tanga jeupe la pembe tatu, jua linazama, sauti ya tarumbeta ya taarab kwa mbali. Jahazi. Mimi nalipenda jahazi, nani halipendi? Lakini tumelifanya jahazi kuwa kadi ya posta. Limekuwa kifupisho cha "sisi": sisi watu wa amani, watu wa biashara, watu wa upepo, waliokaa vizuri mpaka akaja mtu na mizinga. Ndugu zangu, majahazi yale yale yalibeba watoto wa Wanyasa na Wayao kutoka Kilwa. Ndiyo hayo London ilikuwa inayakimbiza. Na merikebu za kivita za Seyyid nazo zilibeba shehena kama kawaida. Sultana, iliyofika New York tarehe 30 Aprili 1840 na balozi Ahmad bin Naaman, ilikuwa na mizinga 14, na tumboni ilikuwa na pembe za ndovu, karafuu, ngozi na sandarusi. Vita na biashara vilikuwa sitaha ya juu na sitaha ya chini ya chombo kimoja. Anayevitenganisha, jahazi letu huku na manowari yao kule, hajasoma historia, amesoma brosha ya hoteli.

Sasa kuna hoja ya pili, na hii ni nzito kuliko ya jaji. Mama mmoja wa kikundi chetu cha kusoma, ambaye hanyamazi akiona jambo halijakaa sawa, aliniambia: "Mwalimu, sawa, lakini merikebu ile ilikuwa ya Sultani. Ya bwana mwenye watumwa. Mnataka kijana atukuze chombo cha bwana?"

Nilimjibu vibaya siku ile, nikapandisha sauti. Ngoja nijaribu tena.

Kuandika si kutukuza. Tatizo letu ni kwamba merikebu za kivita tumezisoma kwenye vitabu vya watu wanaozitukuza. Ukifungua maisha ya manowari yoyote ya zamani unakuta mpangilio ule ule: ilijengwa mwaka fulani, ilibeba mizinga kadhaa, ilipigana mahali fulani, nahodha alikuwa fulani, ilivunjwa mwaka fulani. Ni kama wasifu wa marehemu unaosomwa msibani na mtu ambaye hakumjua. Hata mimi hapo juu nimefanya hivyo hivyo, mmeona. Namba ya mizinga nimeitaja mara ngapi? Na watu waliokuwa ndani nimewataja mara ngapi?

Waliokuwa ndani ndio hadithi. Nani alikalafati mbao zile, nani alipanda foromali usiku wa kusi matanga yakikunjwa, nani alikaa kwenye bomba la kunyonya maji? Vyombo vya Seyyid viliendeshwa na Waarabu, Wabaluchi, Wahindi, Waswahili, na watumwa waliotumwa baharini na mabwana zao kama walivyotumwa shambani. Kwenye orodha ya maisha ya meli hawana mstari hata mmoja. Historia haiwezi kuwarudisha wote kwa sababu haina karatasi. Riwaya inaweza. Hiyo ndiyo kazi ya riwaya, la sivyo tufunge vitabu twende mnadani.

Na si jambo geni kwetu. Adam Shafi alipoandika Kuli, iliyotoka 1979, hakuandika bandari ya Unguja kwa orodha ya meli zilizoingia na tani zilizoshushwa. Aliandika mgongo wa mtu chini ya gunia. Mgomo wa 1948 tunaujua kama tarehe, lakini tunauhisi kwa sababu ya kitabu kile. Bandari ilijengwa na utawala wa kikoloni kwa faida yake. Je, kuna mtu alimwambia Adam Shafi kwamba bandari si uzoefu wetu kwa kuwa mwenye bandari alikuwa Mwingereza? Mwenye bandari ni mmoja, makuli ni mamia. Mwenye merikebu ni mmoja, na ndani yake wamo mamia.

Kwa hiyo mama yangu, nakujibu hivi: kuiacha merikebu ile kwa sababu ilikuwa ya bwana ni kumwachia bwana na wote waliokuwa ndani. Wale hawakuwa mali yake kwenye macho yetu. Au walikuwa?

Kijana wangu aliliona hili bila kufundishwa. Mtoto wake anayebeba baruti hana jina kwenye kitabu cha mtu yeyote. Anapanda na kushuka ngazi toka ghala la baruti mpaka kwenye mizinga, na kila akipanda anahesabu, kwa sababu akijua mizinga mingapi imepigwa atajua mara ngapi mjomba wake amenusurika. Mimi sikuwahi kufikiria kuhesabu namna hiyo. Sura hiyo ina makosa ya tahajia manne na ndiyo bora nimesoma mwaka huu kutoka kwa mtu asiyechapishwa.

Sasa niseme jambo ambalo limenifanya niandike makala hii kwa hasira zaidi ya inavyostahili. Miezi sita iliyopita kijana alinipa rasimu ya kwanza. Nilikuwa nasahihisha madaftari, nimechoka, umeme umekatika. Nikasoma kurasa mbili kwa tochi ya simu nikamwambia: "Bwana mdogo, haya mambo ya mizinga waachie wenyewe. Andika unachokijua. Ungemweka kwenye jahazi ingekaa vizuri zaidi."

Naam. Sentensi ya jaji niliisema mimi kwanza. Kijana alinionyesha ile barua pepe bila kusema neno, na nilipomaliza kuisoma nikainua macho nikamkuta ananitazama. Hakuwa na haja ya kunikumbusha.

Nimejiuliza sana niliitoa wapi sentensi ile. Sikuitoa kwenye kitabu. Niliitoa kwenye hewa, kwenye miaka ishirini ya kufundisha kwamba fasihi yetu ni ya kijiji, ya shamba, ya mgogoro wa jadi na usasa, na ukitaka bahari, haya, kuna jahazi. "Andika unachokijua" ni ushauri mzuri mpaka pale mshauri anapojipa kazi ya kuamua wewe unajua nini. Kijana wa Pugu anayetoa kopi kwenye kibanda hawezi kujua merikebu ya 1828? Na yule mwandishi wa Kiingereza anayeishi mjini leo, naye aliipandaje? Hajawahi kusikia mzinga wala kunusa lami ya kamba. Amesoma, amekwenda makumbusho, amebuni. Tofauti ni kwamba yeye hakuna aliyemwambia ajaribu mtumbwi.

Na hapo kwenye makumbusho pana jambo la kuuma. Gudi lile lile la Bombay, chini ya ukoo ule ule wa Wadia, lilishusha majini mwaka 1817 manowari iitwayo Trincomalee, ya msaji pia. Ile ipo hadi leo. Inaelea Hartlepool, Uingereza. Watoto wa shule wanapanda, wanaonyeshwa mizinga, wanarudi nyumbani wakichora. Liverpool, iliyokuja baada yake miaka tisa, haina hata ubao ukutani kwenye miji miwili iliyobadilishwa nayo, Mombasa na Unguja. Na meli ya mwisho ya kivita ya masultani? Kimbunga cha Aprili 1872 kilivunja vyombo vya Seyyid Barghash bandarini, naye akaagiza Glasgow, ya mvuke na matanga, iliyojengwa Scotland 1878. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile visivyofika saa moja, Glasgow iliwarushia Waingereza mizinga yake midogo, ikazamishwa pale pale bandarini. Haikuzama yote. Milingoti ilibaki imesimama nje ya maji mpaka 1912, ndipo ikaondolewa. Miaka kumi na sita watu wa Unguja walikunywa kahawa barazani wakitazama milingoti ya meli iliyozama. Mwanamfalme Khalid, aliyekuwa ndani ya jumba siku ile, alitoroshwa na manowari ya Kijerumani akaletwa huku kwetu, Dar es Salaam.

Riwaya ngapi za Kiswahili mnazijua zenye milingoti ile? Nisaidieni. Mimi nimekwama.

Ninachotaka ni vitu vitatu, na nitavisema bila kuzunguka. Majaji wa mashindano, jamani, acheni neno "uzoefu wetu" mpaka mmeuchunguza. Mkilitumia kumkatalia mtu, mwonyesheni mpaka mliouchora na nani aliwapa chaki. Walimu wenzangu, tunapofundisha Muyaka tuwaambie watoto alikuwa anatazama nini baharini alipokuwa anatunga. Na nyinyi wasomaji mnaoandika kimyakimya, mko wengi, najua: hii pwani ina meli za kutosha. Ina Leven na Imogene, ina Sultana, ina Glasgow, ina ile Highflyer iliyomtorosha Bibi Salme mwaka 1866 akiwa na mimba na siri. Zichukueni. Msiziombee ruhusa kwa mtu, wala msizipambe. Mwingie chini kwenye sitaha ambako hakuna hewa, muanze hapo.

Kijana nimemwomba radhi. Alicheka, akasema, "Yameisha, mwalimu," kwa ile sauti ambayo watu wa hapa tunaitumia jambo likiwa halijaisha. Nikamwomba anichapie rasimu yote kwenye karatasi nisahihishe kwa kalamu, kama zamani. Akasema kila ukurasa ni shilingi mia mbili, kurasa ni thelathini na moja, na mwalimu halipewi bure.

Nimelipa. Iko hapa mezani. Nimefika pale mtoto anapohesabu mzinga wa kumi na tisa.